Vitambaa Vyekundu

"Vitambaa vyekundu viko wapi?" Niliuliza hivyo, wadogo zangu, nikiwa nimeshajifunga mikanda ndani ya ndege ya vita, injini inanguruma, na niliuliza redioni ili kila mwenye masikio asikie. Fundi wangu aliyekuwa amesimama chini aliangalia viatu vyake. Mkubwa wa kambi, kando ya wageni wake na wapiga picha, akanyanyua dole gumba. Hakuna aliyejibu. Sikilizeni basi, kwa sababu swali hilo ndilo urithi mkubwa ninaowaachia, na mengine yote nitakayoyataja ni vyombo vya ndani tu.

Anayeandika ni muuguzi, maana mikono yangu imefungwa bandeji hadi viwikoni na simu za wodini wakubwa wamezichukua. Nimemwambia asipunguze wala asiongeze, na nikitukana aandike tusi lenyewe. Kitindamimba, soma wewe, kwa sauti, na wewe Redio, tuliyekupa jina hilo kwa domo lako, ukae chini unyamaze kwa mara ya kwanza tangu ujue kusema, kwani maneno mengi humu ni yako.

Daktari amesema mapafu yameungua na hayatanifikisha mbali. Nilimshukuru. Ndiye mtu wa kwanza mwenye cheo, tangu nianguke, aliyenijibu nilichomuuliza.

Nianze na nyumba. Mnakumbuka wazazi wetu walipofariki, baba mdogo alikuja na futi ya kupimia kuta kabla hatujarudisha viti vya watu, akatangaza kwamba msichana aliye chuoni hawezi kushika nyumba, labda kushika kalamu. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikamhoji hadi akaikunja futi yake na kuitia mfukoni, na mpaka leo hajanisamehe. Sasa atarudi. Atakuja amevaa suti, atakaa kiti cha mbele na wakubwa wa jeshi, atalia kuliko ninyi. Mpeni chai. Chumba cha mbele msimpe. Nyumba ni yenu wawili, hati ziko kwa shangazi, na shangazi mnamjua, ukimgusa anang'ata. Cherehani ya mama ni ya Kitindamimba, isikopeshwe kwa jirani hata kwa siku moja. Redio, chukua baiskeli na vitabu vyangu vya chuo, pamoja na ugomvi wote nilioandika pembeni mwa kurasa. Usivifute. Jibizana navyo.

Sasa vitambaa. Ndege ikiwa imeegeshwa huvalishwa vifuniko na kutiwa pini, ili vumbi na wadudu wasiingie na kisilegee kisichotakiwa kulegea. Kila kifuniko na kila pini hushonewa utepe mrefu mwekundu, ambao hata mlevi angeuona. Kabla hatujaondoka, fundi huvitoa vyote, husimama mbele yangu, na kuviinua juu kama mtu aliyenunua kuku sokoni. Nikiona vitambaa vyote mkononi mwake, ninaondoka. Hiyo ndiyo salamu yetu. Haihitaji shahada.

Siku ile fundi aliinua mikono mitupu. Alikuja kunieleza hapa wodini, amesimama mlangoni kama mdaiwa. "Tuliambiwa tuvikate, dada. Kwenye picha vilionekana kama nguo zilizoanikwa." Nikamuuliza aliambiwa na nani. Akasema amri ilitoka juu. Juu. Wadogo zangu, mimi ndiye niliyekuwa nikienda huko juu kila wiki, na sijawahi kumkuta mtu.

Puani mwa ndege kuna mrija mdogo. Upepo ukiingia humo, ndipo saa ya kasi inajua ndege inakwenda mwendo gani. Kifuniko chake ni cha kijivu, na ndege ni ya kijivu. Kilichokuwa kinakitambulisha ni utepe, na utepe ulikuwa kwenye pipa la taka, kwa hiyo hakuna aliyekiona, kikabaki mrijani. Mtaniuliza kwa nini sikuzima injini nikashuka. Ni hoja nzuri, na ningekuwa upande wenu ningeiuliza hiyo hiyo. Mwenzangu wa mbele alikuwa ameshaanza kukimbia, tunaruka wawili wawili, ubavu kwa ubavu, na anayefuata humkodolea macho kiongozi, hatazami saa. Nilipoitazama tulikuwa tumeshaiacha ardhi, na saa ilikuwa imelala kama mzee baada ya kula.

Jambo hilo lina dawa. Mwenzako anakaa ubavuni mwako, anakuongoza kwa mwendo wake hadi magurudumu yaguse chini, kama kumshika mkono asiyeona. Niliomba hilo. Mwenzangu akakubali. Ndipo mkubwa wa kambi akaingia redioni, na maneno yake ninayo yote: "Yeye aendelee na kazi. Wewe geuka ushuke mwenyewe, usituharibie shughuli mbele ya wageni." Nikashuka mwenyewe, kwa kukisia. Nilikisia vibaya, mwendo ukawa mdogo, ndege ikakata pumzi ikaangukia nyuma ya jiko la kambi, ndani ya uzio wetu wenyewe. Adui sikumwona. Naye hakuniona. Mpishi ndiye aliyenivuta motoni, aproni yake ikiwa bado kiunoni.

Siku ya pili yake mkubwa alikuja na maua. Nilikuwa na mpira kooni, siwezi kusema, na nadhani ndiyo maana alichagua kuja siku hiyo. Akaniambia nimeangushwa na adui, nimepigana hadi mwisho, imeshatangazwa, nitapewa medali. Alizungumza taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Mimi niliyewahi kuwanyamazisha wanaume ukumbini nikiwa na homa, nilivikwa kilemba cha ukoka nikiwa nimelala chali, na sikuweza hata kukohoa.

Kisha ukapiga simu wewe, Redio. Muuguzi alinishikia sikioni. Ulisema, "Dada, kesho naenda kujiandikisha jeshini. Watanijua." Nani atakujua? Wewe uliyemkimbia jogoo wa shangazi hadi ukapanda juu ya meza? Nilikupigia kelele kichwani mwangu na hukusikia. Simu ikakatika, na jioni ile wakazikusanya zote.

Kwa hiyo sikia sasa, mpira umetoka. Hakuna wa kumlipizia kisasi huko unakotaka kwenda. Waliokwenda kukuonyesha picha yangu gazetini wakakushika bega ndio hao hao waliokata vitambaa, na sasa wanataka wakate na kwako. Uwongo huu haukutungwa kwa ajili yangu, mimi nimeshakwisha. Umetungwa kwa ajili yako na vijana wa mtaani kwako. Kama umeshatia sahihi, shangazi aende nawe akaitengue, na apige kelele, anajua.

Subiri. Maji kidogo.

Kitindamimba, endelea kusoma, usilie juu ya karatasi. Mama alikuwa akisema una sauti ya...

Nimesahau alivyosema. Ilikuwa sifa.

Mnizike bila picha ile ya gazetini. Iko ya chuoni, nimefungua mdomo nabishana. Hiyo. Medali mkipewa, pokeeni, msivunje heshima, kisha mkaitie kwenye droo ya misumari. Fundi akija msimfukuze, ila msimkumbatie. Mpishi mkumbatieni. Nawaombea uzee, wadogo zangu, uzee mrefu wenye kero zake, wa magoti kuuma na kutafuta miwani iliyo usoni. Mgombane juu ya vitu vidogo. Mpatane kabla ya chakula. Mungu awape watoto wabishi.

Muuguzi anasema nipumzike. Anasema nitamalizia baadaye. Ana huruma huyu, lakini... si mzuri wa kudanganya.

Redio.

Siku ya kunizika watakunja bendera. Watasimama mstari. Mkubwa atasoma. Akimaliza, kabla hajamkabidhi mtu bendera hiyo... simama. Usitukane. Useme polepole, wasikie hadi nyuma. Nani aliamuru vitambaa vikatwe? Na usikae, mpaka mtu ajibu.

Mimi nimeuliza mara moja tu. Niulizie tena, mdogo wangu.