Kidole cha Mwaisha

Sogeeni, wapwa wangu, maana pumzi imekwisha na jambo hili nisipolisema sasa nitazikwa nalo.

Mnajua kwamba shamba la ukoo kule bondeni, lenye makaburi ya bibi zetu, mama yenu Mwaisha ndiye aliyelitoa kwa tawi la chuo. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Nilidanganya. Watu wa chuo walipokuja, tawi lilikuwa ghala moja la tangawizi walilopanga, wanafunzi thelathini na wanane wameketi juu ya magunia, na mwalimu mmoja akipanda kutoka mjini kila Ijumaa, mvua isipomzuia. Nilikuwa nikisimama dirishani kuwasikiliza, mimi niliyeishia darasa la nne, nikatamani chuo kile kisiondoke kwetu. Nikamwomba dada ardhi, akakataa.

"Kaka, ardhi hii ni ya mabinti zangu na wajukuu wao," alisema. "Si yangu, wala si yako."

Wiki iliyofuata malaria ikampanda kichwani. Akiwa hajitambui, nikaushika mkono wake, nikachovya kidole gumba chake kwenye wino, nikakigandamiza kwenye karatasi ya kuwapa chuo ardhi. Alipopona nikamwambia alikubali mwenyewe kabla ya homa kumzidi. Aliniamini, wanangu. Akazunguka ukoo mzima akiomba radhi kwa kosa langu, wakamnunia miaka kumi, mpaka akafa.

Tawi likakua: madarasa, bweni, maabara. Kila mahafali nilikalishwa mbele, nikapiga makofi. Sasa wamechimbia mawe ya mipaka hadi makaburini, Jumatatu tingatinga linaingia, na mama yenu amelala pale.

Yasmin, unasoma pale pale, usiache masomo kwa ajili yangu. Andika nilivyosema, hawa majirani wawe mashahidi, myapeleke baraza la ardhi asubuhi. Huenda wakasema mzee amechanganyikiwa. Nendeni hivyo hivyo. Nasibu, ole wako ukiwarushia mawe wanafunzi, wao hawakutukosea. Mkishindwa, mhamisheni mama yenu kabla ya Jumatatu, mpandisheni mlimani. Mimi nizikeni popote, ila si karibu naye, mpaka… ngoja, nipumue.

Mungu awape watoto wenye kusema kweli. Awatunze… Yasmin, uko wapi, sikuoni. Nenda kaburini, umwambie hakutia kidole. Mwambie kaka amesema. Mwambie…