Mama Koki, Mfuaji wa Misheni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio tumkumbuke Theresia, mfuaji wa masista kwenye misheni moja ya Milima ya Uluguru. Amefariki juzi, Januari hii ya 1979. Wengi mlimwita Mama Koki, mkamcheka. Nami nilicheka.

Theresia alifua kwa mashine. Maji yaliingia kwa mpira uliofungwa kwenye koki ya ukutani. Mpira ukachakaa, mpya haukupatikana, akauzungushia tyubu ya baiskeli. Basi kila alipomaliza kufua, alifunga koki. Nyuma ya ukuta ule wa matofali mabichi kilikuwa chumba chake mwenyewe.

Siku moja mwaka 1971, wifi yake Cecilia alilala humo, ana homa. Asubuhi maji yalikatika. Nanyi mnaijua desturi yetu: maji yakikatika, koki huachwa wazi ili yakirudi yasikike. Watu wakaenda shamba la kijiji. Saa sita maji yakarudi kwa nguvu. Mpira ukapasuka, na hakuna aliyesikia. Ukuta ukalowa, ukalowa, ukamwangukia Cecilia kitandani. Akafa pale pale.

Theresia akasema, "Mimi ndiye niliyeacha koki wazi." Ndugu wa Cecilia wakaacha kuitikia salamu yake. Naye akaanza kupita nyumba kwa nyumba, anapiga hodi, anakagua mipira, anafunga koki za watu. Tukamwona ana kichaa. Naona aibu kulisema.

Jana makaburini, mdogo wake Alois, mume wa Cecilia, alinishika mkono.

"Ndugu mtangazaji, koki niliifungua mimi. Dada alikuwa ameifunga. Nilitaka nisikie maji yakirudi. Nilipomwambia, akasema, 'Nyamaza, mdogo wangu. Wajomba wa watoto wakijua, watawachukua. Mimi sina mtoto wa kunyang'anywa.' Litangaze. Watoto wamekua, na dada hawezi tena kunikataza."

Miaka minane, wasikilizaji. Miaka minane aliubeba mzigo ule.

Alois, wanao, na ukoo mzima, poleni sana. Mungu amlaze pema Theresia. Sisi tuliobaki, maji yakikatika tufunge koki kabla ya kutoka. Mpira mbovu tusiufunge viraka tukadhani umepona. Na ndugu wa Cecilia, kama mnanisikia, nawaombeni mwende mkalisalimie kaburi la Theresia. Theresia alifunga koki. Narudia: alifunga.