Zita Mtui na Vitabu Alivyovihifadhi

Marehemu Zita Wenseslaus Mtui alizaliwa Kilema tarehe 9 Mei 1956. Hapana, ni 1954. Huo wa 1956 ni wa mdogo wake Denis, aliyeandika haya, na miaka humchanganya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Wenseslaus na Mama Elinipendo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kilema, akamaliza darasa la saba mwaka 1969. Shule iliishia hapo, kusoma hakukuishia. Akitumwa majani ya ng'ombe alikaa migombani na kitabu, akarudi na kimzigo cha aibu. Mama akamwambia, "Haya, nenda ukamsomee ng'ombe, labda atashiba."

Mwaka 1976 aliajiriwa na Bwana Firoz katika duka lake la vitabu na madaftari mjini Moshi, akauza hapo hadi 2014. Vitabu vipya alivisoma kwanza yeye, akivifungua kidogo tu mgongo usivunjike. Bwana Firoz alikuwa akimwambia, "Mama Kindness, mteja anataka kitabu kipya, si mabaki yako." Naye akimjibu, "Mabaki yangu yana ladha, bosi." Bwana Firoz yupo hapa msibani, ni shahidi.

Dukani humo alikuja Bonifasi Kessy, fundi baiskeli, kununua daftari moja. Kesho yake tena moja. Wiki nzima daftari, na hakuwa na mtoto shuleni. Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1983, wakakaa Njoro, wakajaliwa binti mmoja, Kindness. Bonifasi alitangulia mwaka 2009.

Sukari ilimpata Zita mwaka 2015, ikamshika macho. Herufi za karatasi zikawa zinamtembea kama siafu. Kufa hakukumtisha, alichoogopa ni kubaki bila vitabu. Kindness akamnunulia simu kubwa, akamwonyesha kutanua maandishi kwa vidole viwili. Basi Zita akawa anatafuta humo vitabu, hivi vinavyoitwa nakala laini, na kuvisoma kwa herufi zenye ukubwa wa maharage. Kila alichokipata alisema, "Hiki nimekihifadhi."

Sasa jirani yake Maulida, ambaye mjukuu wake amehifadhi Kurani, alilielewa neno hilo kama wanavyolielewa kwao, yaani kichwani.

"Chote, Mama Kindness?"

"Chote. Na vingine thelathini."

Maulida akautangazia mtaa.

Mwaka 2021 simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia, ikafa na vilivyomo. Zita alilia kama aliyefiwa. Maulida akaja, akashangaa. "Unalilia nini? Si umevihifadhi?" Zita akamweleza kwamba vilikuwa ndani ya simu.

"Aa," akasema Maulida, "kumbe uliviweka tu. Hukuvihifadhi."

Walicheka, lakini neno lile lilimwingia Zita. Vitabu vingi vilirudi, maana alikuwa na tabia ya kuwatumia watu nakala; kwa Maulida peke yake vilikutwa kumi na saba, hajafungua hata kimoja. Tangu hapo kila kitabu alikituma kwa watu kadhaa, wapende wasipende, na jioni alimsimulia Maulida barazani alichokisoma mchana, mpaka kikae kichwani. Macho yalipofunga kabisa mwaka 2024, vitabu alikuwa navyo.

Mwaka huu figo zilichoka. Alilazwa hospitali hapa Moshi, akafariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025. Alasiri ya jana yake alimsimulia Denis habari za msichana aliyepanda mlimani kufuata mfongo, mtaro wa maji ya shambani, uliokuwa umekauka. Alipofika juu akakuta aliyeziba maji ni mama yake mzazi. Zita akaishia hapo, akaomba maji ya kunywa.

Ameacha binti yake Kindness, wajukuu wawili, mdogo wake Denis, na Maulida, ambaye ukoo umemhesabu kuwa wa nyumbani. Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani, na macho yasimuume tena.

Hadithi ile ya mwisho Kindness ameitafuta kwenye simu zote, haimo. Bwana Firoz haijui. Maulida hajapata kuisikia. Denis alimwuliza mwenyewe pale kitandani, "Hii uliisoma wapi, dada, au ni yako?" Naye akatabasamu tu.