Ndege Inayovuta Kushoto

Mshonaji alikuwa amefumba macho ili asisemeshwe na mtu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Masikio ndiyo kabisa. Mkabala naye ndani ya treni, kijana alikuwa akiirekebisha kwenye kompyuta ndege ya kivita ya zamani, ya mchezo wa kurusha ndege. Kila ikipaa, ilivuta kushoto na kupinduka.

"Ni mbovu?" akauliza bibi aliyekaa kando ya kijana.

"Shikamoo, bibi. Si mbovu, za kweli zilikuwa hivyo hivyo. Ila wachezaji wananung'unika, kwa hiyo nainyoosha."

Bibi aliitazama ikipinduka tena. "Baba yangu alifia kwenye ndege kama hiyo, ikipaa. Tuliambiwa ni uzembe wake. Mama aliingia kaburini na aibu hiyo."

Mshonaji akafumbua macho. Usingizi wa kusingizia ulikuwa umemwisha.

"Pole sana, bibi. Lakini huu ni mchezo tu. Ikiwa ngumu, nani atairusha?"

"Na ikiwa rahisi, mjukuu wangu, watasema: mbona hii nyepesi? Yule mzee alishindwa nini?"

"Basi nitaweka zote mbili, kila mtu achague."

"Baba yangu alichagua?"

Kijana alimsogezea kompyuta.

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo cha mshonaji, akashuka shingo upande. Kupitia dirishani alimwona bibi, kidole kwenye kitufe, amejiegemeza kulia kwa mwili wake wote.