Mwalimu Tofauti na Walinzi Wake wa Kiingereza

Kabla ya yote, familia inamwomba radhi marehemu mwenyewe, maana hakupenda wasifu. Katika mazishi ya watu aliketi nyuma akisikiliza sifa zikimwagwa, kisha akamnong'oneza jirani yake, "Mbona miaka ya katikati wameiruka?" Basi leo tumejitahidi tusiruke kitu. Hata akiwa amelala hivi, hatuna hakika kwamba hasikilizi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya ghala la nafaka, akiwa kifungua mimba wa watoto watatu. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala hilo, na kifuani alivaa beji yenye neno la Kiingereza, "guard". Shuleni mtoto akafundishwa kwamba "guard" ni mlinzi. Wiki iliyofuata "protector" naye akawa mlinzi, halafu "defender" akawa mlinzi vilevile. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, hawa wote wanafanya nini? Kazi hiyo baba anaifanya peke yake." Darasa zima likacheka, yeye hakucheka. Mwaka huohuo wezi waliingia ghalani. Baba akapiga filimbi mpaka pumzi ikamwishia, lakini hakupambana nao, na kesho yake akafukuzwa kazi. "Mimi niliajiriwa kulinda, sikuajiriwa kupigana," alilalamika wakati wa chakula. Tangu siku hiyo bintiye akaanza kuyashuku maneno. Yakifanana sana, alisema, ujue moja linaficha jambo.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1973, akafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Tofauti, kwa sababu kila jibu alilipokea kwa swali, "Tofauti yake nini?" Waliopita mikononi mwake, na wengi mko hapa, mnalikumbuka somo la mwavuli. Alimsimamisha mwanafunzi mbele ya darasa, akamfunulia mwavuli kichwani: hiyo ni "shelter", unampa mtu pa kujisitiri, naye anaingia na kutoka apendavyo. Akauteremsha mbele ya uso wa mtoto na kuwaamuru wengine wamrushie karatasi: hiyo ni "shield", kitu kinakuja nawe unakikinga. Akaufunga na kuwatimua warushaji: hiyo ni "defend", wala haifanyiki bila adui kuwepo. Mwisho alisimama mlangoni, mwavuli umebanwa kwapani kama rungu. "Na huyu 'guard', anamtazama anayeingia au anayetoka?" Akajijibu mwenyewe: "Wote wawili. Ndiyo maana msimzoee."

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na seremala, huyu tuliye naye hapa. Alipokuja kumtongoza alimwambia, "Nitakulinda." Mwalimu akamuuliza, "Kwa maana ipi?" Seremala wa watu akadhani amekataliwa, akarudi karakana akanuna wiki nzima. Kisha akaja na jibu: "Mimi nina paa. Ukitaka, njoo." Waliishi chini ya paa hilo miaka arobaini na saba, ingawa Mwalimu hakuacha kumnusa shati kila alipochelewa. Siku zote lilinuka gundi ya mbao.

Walijaliwa binti mmoja. Mwaka 2009 binti huyo alichumbiwa na mwuza vipuri vya magari, kijana mtanashati mwenye maneno matamu. Mbele ya wazee alisimama na kutangaza kwa Kiingereza kwamba yeye atakuwa "guard" wa mkewe mpaka kufa. Watu wakapiga makofi. Mikono ya Mwalimu ilibaki mapajani.

"Dada, leo basi furahi kidogo," mdogo wake alimnong'oneza, huyu anayewasomea sasa.

"Nafurahi. Lakini maneno yako tele, kwa nini kachagua hilo?"

Tulisema ana gubu la mama mkwe. Baada ya harusi yeye akawa anawatembelea bila taarifa, na kila alipomuuliza binti jambo, binti alimtazama mumewe kwanza ndipo ajibu. Siku moja aliomba kwenda msalani, akapitia chumbani. Komeo la mlango wa chumba cha kulala lilikuwa limepigiliwa upande wa nje. "Fundi alikosea," mkwe akasema huku akicheka. Mwalimu alirudi nyumbani akamuuliza mumewe kama fundi anaweza kukosea upande wa komeo. Seremala akaweka randa chini. "Hakuna fundi anayekosea hilo." Jioni ileile walikwenda wote wawili, wakarudi na binti yao na begi moja.

Hapa ndipo wasifu mwingi ungeweka nukta. Lakini baada ya kumrudisha binti, Mwalimu aliagiza geti jipya, na funguo zake akazivaa shingoni. Wageni wa binti aliwahoji kibarazani kama washtakiwa. Simu ikilia, alitaka kujua ni nani na ana shida gani. Mwanamke mzima akawa anaomba ruhusa ya kwenda dukani, na hali hiyo iliendelea kwa miaka. Siku moja binti alisimama getini akingoja kufunguliwa, akasema taratibu, "Mama, na wewe sasa ni neno gani?" Mwalimu akafungua geti. Swali lile lilimchoma, na sisi tuliokuwepo tulimwona, lakini funguo hakuzivua.

Maradhi yalimwanza mwaka 2019, kwanza viungo, kisha figo. Hospitalini hakumwamini mtu. Kila kidonge alikigeuza juu chini na kuuliza kinaitwaje. Hatimaye daktari, msichana mwenye subira, aliketi kando ya kitanda. "Mama, kinga ya mwili wako ndiyo inayokushambulia."

"Kinga, kwa maana ipi?"

"Ile inayotakiwa kukulinda na magonjwa. Ya kwako inakuona wewe mwenyewe kama adui. Haijui tena tofauti."

Kwa mara ya kwanza Mwalimu akameza vidonge bila kuuliza. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alimwita binti yake jikoni, akazivua funguo na kuziweka mezani. "Uliniuliza neno," akasema. "Ni 'guard'. Nisamehe, mwanangu." Binti akalia, mama akalia, na seremala akatoka nje kutafuta misumari asiyoihitaji.

Binti akapanga chumba chake mwenyewe mtaa wa pili. Mwalimu alipokwenda mara ya kwanza, yeye aliyezoea kuingia kwa watu huku macho yakikagua dari, alibisha hodi akasimama nje. Binti alikuwa bafuni, hakusikia mapema. Mama alingoja juani na mkongojo wake, wala mlango hakuusukuma, mpaka aliposikia, "Karibu, Mama."

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 22 Mei 2024, mume na binti wakiwa wamemshika mikono. Ameacha mume, binti mmoja, wadogo wawili, na wanafunzi ambao hadi leo wakisikia maneno mawili yanayofanana huacha kula.

Tangu msiba uanze, baadhi ya ndugu wamekuwa wakimshauri binti aache chumba chake arudi nyumbani, asije akadhurika peke yake. Marehemu aliwajua ndugu zake, na wiki ya mwisho alimwagiza mdogo wake ayasome haya bila kupunguza: "Atakayemwambia binti yangu arudi kwa ajili ya usalama wake, mshukuni."

Apumzike salama, Mwalimu wetu. Kazi ya kushuku tutamfanyia sisi.