Pantaleo Bujiku na Njia za Mlima Kasozya

Marehemu Pantaleo Bujiku alizaliwa tarehe 3 Aprili 1962 katika kijiji cha Didia, Shinyanga, mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku Makoye na Mama Theopista. Utotoni alichunga ng'ombe kando ya ngitili ya familia, yale malisho yanayofungwa masika yote ili nyasi zipumzike. Mama yake alisimulia kwamba mara nyingi mifugo ilirudi yenyewe, na mchungaji akakutwa amelala chali, anatazama mawingu.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Didia, kisha sekondari, na mwaka 1984 alipata cheti cha misitu. Mwaka uliofuata aliajiriwa kulinda msitu wa hifadhi huko Ushirombo.

Huko ndiko alikokutana na Agnetha, mwalimu wa kwaya. Walifunga ndoa takatifu tarehe 7 Julai 1990, wakajaliwa watoto watatu.

Mtihani wake mkubwa kazini ulikuja mwaka 2016. Mlima Kasozya, uliomo ndani ya msitu ule wa umma, ulikuwa mahali pa watu wote kupunga upepo: wanafunzi, wanakwaya, wachimbaji waliopata siku ya kupumua. Lakini njia ilipanda wima, na mvua zikaigeuza korongo. Mama mmoja alipoteleza na kuvunjika mguu, viongozi wakaamua mlima ufungwe. Pantaleo, ambaye hakuwa msemaji, alisimama kikaoni akaomba apewe msimu mmoja tu wa mvua.

Msimu ule, kila wingu lilipotanda, yeye alipanda. Siku moja Agnetha alimfuata na mwavuli, akamkuta amesimama ndani ya ukungu, maji yakimpita miguuni, uso umetulia kama wa mtu aliye usingizini.

"Baba Vumilia, utaugua."

"Ngoja kidogo, Mama Vumilia. Nayaangalia yanakotaka kupita."

Agnetha alikunja mwavuli, akasimama naye. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema tu kwamba mlima wote ulikuwa kama unaelea.

Kiangazi wanakijiji walichimba pamoja naye njia mpya, ikizunguka ubavuni mwa mlima taratibu, yenye mawe ya kutolea maji pembeni. Ile ya zamani aliizungushia miiba, kama ngitili. Watu walinung'unika kwamba mpya ni ndefu. Aliwasikiliza, akaendelea kupanga mawe. Mlima haukufungwa. Baada ya miaka mitatu nyasi zilikuwa zimelifunika korongo, hata mgeni asingejua kwamba watu waliwahi kupita pale.

Alistaafu mwaka 2022. Januari 2025 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Kahama na Mwanza. Siku za mwisho alisinzia na kuamka, akisema ametoka kutembea. Jumapili jioni alimuuliza binti yake Vumilia kama watu walipanda mlimani. Vumilia alimjibu kwamba walipanda wengi, na watoto wao.

"Basi vizuri," alisema, akafumba macho.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Ushirombo, mvua ikinyesha.

Ameacha mjane, Agnetha, watoto, Vumilia, Deogratias na Nelly, wajukuu watano, na dada yake, Apolonia, wa Didia.

Mwenyezi Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani. Amina.