Moja Kumi na Moja

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba ufute machozi, maana leo sina huzuni. Nisikilizeni ningali na pumzi, kwani maneno ya anayeondoka hayasemwi mara mbili.

Mimi na baba yenu mdogo tulifundisha hesabu shule moja na kula sahani moja, mpaka siku alipoandika ubaoni moja kumi na moja mfululizo, bilioni kumi na moja na ushee, akaniuliza kama namba hiyo inagawanyika. Nikasema ni tasa, haina kigawo ila moja na yenyewe, kwa kuwa nilikwisha jaribu namba nyingi zikagoma. Akajibu, mbele ya walimu wenzetu, kwamba kuchoka kwangu si ushahidi. Nikamwita mtoto asiyejua kukaa na wakubwa. Neno likazaa neno, hata tukajenga ukuta katikati ya ua tulioachiwa na marehemu baba, nanyi mkakua mkisikia vicheko vya ndugu zenu upande wa pili bila kuwajua sura.

Asubuhi mlimwona akiingia na mkongojo, mkatoka kwa hofu. Aliketi hapo miguuni pangu, akanifunika miguu, kisha akasema, "Kaka, inagawanyika. Nimekuja tuihakikishe pamoja, maana peke yangu siamini."

Akanieleza kwamba hakuhangaika na kila namba kama mimi. Aligundua kuwa kigawo chochote tasa cha namba ile, ukikigawanya kwa ishirini na mbili, lazima ibaki moja, basi akapepeta makapi akabaki na punje chache za kujaribu. Iliyokubali ni elfu ishirini na moja mia sita arobaini na tisa, na mwenzake ni laki tano na elfu kumi na tatu mia mbili thelathini na tisa. Tukazizidisha, yeye akiandika nyuma ya kalenda, mimi nikimkumbusha tarakimu za kubeba mkononi kama utotoni, na zile moja zikajipanga zote, hakuna iliyokosa. Nimeshindwa, wanangu, na sijapumua vizuri hivi tangu ujana. Nilicheka hadi kikohozi kikanibana, naye akanipangusa mdomo.

Basi nyumba hii ni yenu nyote, asiiuze mmoja bila wenzake. Binti yangu mkubwa, chumba cha mbele chukua wewe, ufundishie hapo. Ukuta ule ubomoeni kesho, msingoje nizikwe. Matofali mpeni baba yenu mdogo, jiko lake limeinama. Na mkipingana, pinganeni juu ya jambo, msimpinge mtu, maana jambo huisha na ndugu haishi.

Niinulieni mto... hivyo. Mungu awakunjulie njia, awape... awape watoto watakaojuana. Sauti inanikimbia. Baba yenu mdogo yuko barazani... mwiteni. Mwambieni aingie tu... asibishe hodi.